Digrii Nne Ambazo Hakuna Aliyezipima

Mwanangu Mwamvua,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kutangaza kwamba yeye ni mzima wa afya na hofu yake yote iko kwa anayeandikiwa. Sentensi hiyo nimeiandika mara mbili na mara mbili nimeikata. Sasa ni alasiri, mama yako yuko jikoni anakaanga karanga zako za safari, na wewe umekwenda Ntalikwa kumuaga bibi yako. Nina muda mpaka utakaporudi magharibi. Nimeshakagua kufuli la begi lako mara tatu, na mara zote nimelikuta limefungwa.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, wala kuchagua marafiki. Hayo mama yako amekuimbia wiki nzima, na Mwanza si ng'ambo. Nataka kusema habari ya jana, kwa sababu jana nilikukaripia mbele ya mama yako bila kukueleza sababu, na sababu yenyewe nimeificha tangu ulipokuwa darasa la pili.

Jana ulifungua kompyuta yako mezani ili unionyeshe ile draiva, programu ya kuendeshea kifaa, waliyokupa waajiri wako wapya kama mtihani, ya kifaa cha kupima oksijeni ya mgonjwa. Ulikuwa na furaha, nami nilikuwa nayo. Mimi ni mtoto wa fundi redio wa Cheyo, nilijifunza haya mambo ya kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, kwa kubahatisha na kwa vitabu vya kuazima, na hapo alikuwa amekaa mwanangu akiandika mistari itakayokaa ndani kabisa ya mashine, pale programu inapozungumza na chuma chenyewe. Ukaipitisha kwenye kompaila iigeuze kuwa lugha ya mashine. Ikatoa maonyo kumi na moja, yote ya namna moja: kwamba huenda kisanduku hiki cha kumbukumbu kikasomwa kabla hakijawekewa kitu. Ukapanda juu kwenye maandishi yako, ukaandika sifuri kwenye visanduku vyote kumi na moja, ukaipitisha tena. Kimya. Ukatabasamu.

Nikakuuliza, "Hizo sifuri umezitoa wapi?"

Ukasema, "Sijazitoa popote, baba. Nimeweka ili inyamaze."

"Ilikuwa inakuambia nini?"

"Ni onyo tu, baba, si kosa. Inajijenga vizuri. Watu wote wanafanya hivi."

Ndipo nikapiga meza, chai ikamwagika, nikakuambia ufute zote au usiende Mwanza. Mama yako akasema, "Mwache mtoto asafiri kwa amani, hayo mambo yenu ya waya yatawangoja." Ukafunga kompyuta ukaingia chumbani. Asubuhi ukanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikakuuliza umeamkaje, ukasema salama tu. Macho yako yalikuwa mekundu. Nami nikasema nimeamka salama, wakati sikulala.

Nimesimama kidogo. Nimekwenda mpaka barabarani kuangalia kama unarudi, ingawa najua ni mapema mno.

Nianze na kisanduku chenyewe. Najua unakijua kuliko mimi, lakini nataka ukione ninavyokiona. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa Tabora kwenda pwani kwa miguu. Baba alikuwa akisimulia kwamba njiani kulikuwa na kambi zinazojulikana, msafara mmoja ukiondoka alfajiri mwingine unaingia jioni. Wanaoingia walikuta mafiga ya wenzao na majivu, mara nyingine majivu yenye joto. Siku moja mpishi mvivu aliona joto lile, akasema moto upo, akainjika chungu cha mtama akaenda kulala. Wapagazi wakala mtama mbichi. Baba alipenda kutia chumvi, kwa hiyo sikuapii kwamba yalitokea. Lakini kumbukumbu ya kompyuta ndiyo kambi ile. Unapoomba kisanduku, hupewi kipya. Unapewa alipolala mwingine, na majivu yake yamo. Ukisoma kabla hujaweka chako, umesoma ya mwenzako, na ndani ya kerneli ya mwenzako yanaweza kuwa neno lake la siri. Kompaila inapokuonya, inakuambia kwamba imeiona njia inayofika kwenye chungu bila kupitia kwa mtu wa kuwasha moto.

Sasa nisikilize.

Ulipokuwa darasa la pili nilipata kazi kwenye mradi mmoja uliokuwa ukiweka vifaa vya kupimia joto kwenye friji za chanjo za zahanati za vijijini. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Kabla ya hapo nilikuwa nachomea redio na simu za watu kibarazani, na mjomba wako mmoja alikuwa akiniita fundi bisibisi. Friji ya chanjo inatakiwa ikae kati ya digrii mbili na nane. Ikishuka zaidi chanjo inaganda, ikipanda inaharibika, na kwa macho huwezi kuijua iliyoharibika na iliyo nzima. Kifaa kilikuwa na waya wenye kipimo ndani ya friji, na kioo kidogo nje kinachoonyesha namba. Maana yake ni kwamba muuguzi hana haja ya kufungua friji ili asome. Anaangalia kioo asubuhi na jioni, anaandika kwenye daftari. Draiva inayosoma kipimo kile niliiandika mimi.

Zahanati mojawapo ilikuwa mwendo wa baiskeli kutoka Bukene, na muuguzi wake alikuwa mama yako mdogo Zuhura.

Ndiyo, huyo huyo. Najua unalolijua kuhusu yeye na zahanati ile. Usitangulie mbele, soma taratibu.

Siku ninaandika draiva ile, kompaila ilinionya kama ilivyokuonya wewe. Ndani ya draiva nilituma kazi ndogo, kipande cha programu, ikakisome kipimo. Kikijibu, inaweka joto kwenye kisanduku. Kisipojibu, inarudi mikono mitupu na alama ya kosa. Mimi ile alama sikuitazama. Nilichukua kisanduku nikakipeleka moja kwa moja kwenye kioo. Kompaila ikasema huenda kisanduku kikawa hakijawekewa kitu. Nikaweka sifuri, ikanyamaza, nikaenda kula.

Kumbe plagi ya waya ule ilikuwa imelegea, na kila friji ikitetemeka kipimo kilikosa kujibu kwa sekunde moja mbili. Sifuri ikapanda kwenye kioo, kengele ya kuonya kwamba chanjo inaganda ikalia. Mama yako mdogo akawa ananipigia simu kila siku kwa utani wake wa shemeji: "Shemeji, mtoto wako analia huku, njoo umbembeleze." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya sita sikucheka tena. Kwenda kule ni siku nzima, na bosi wangu alikuwa ameshaanza kuuliza kwa nini friji za watu zinalia ovyo.

Nilichofanya ni hiki. Nilikaa kwenye meza hii hii, nikafuta sifuri, nikaandika nne.

Unaelewa kwa nini nne. Nne iko katikati, ndiyo namba anayotaka kuiona kila mwenye friji. Kipimo kikikosa kujibu, kioo kitasema nne, kengele haitalia na hakuna atakayesumbuka. Nikawapelekea. Baada ya siku mbili Zuhura akapiga: "Shemeji, leo katulia kabisa. Umempa nini?" Nikamwambia hayo ni maarifa ya kifundi. Nilijisikia hodari.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na naona kwamba nne ile sikuitoa kwenye kitabu. Niliitoa hapa hapa nyumbani. Sisi mtu akituuliza habari za asubuhi tunajibu nzuri, hata kama ndani kuna maiti. Kwanza nzuri, halafu ndiyo inakuja ila. Nzuri, ila mtoto kalazwa. Wazee wa Nzega ukiwauliza, mhola? yaani ni salama? watakujibu mhola duhu, salama tu, na paa limeezuliwa na upepo nyuma yao. Ni adabu, na siidharau, kwa sababu aliyeuliza anapata nafasi ya kukaa kitako kabla hajapokea msiba. Lakini adabu ile inaishi kwa sababu ya ila. Mimi nilikifundisha kifaa kusema nzuri, nikasahau kukifundisha ila.

Panya walikata waya. Hiyo ndiyo habari yenyewe, panya. Halafu, siku chache baadaye, betri ya friji ikafa. Kipimo hakikuwa na njia ya kusema lolote, na kioo kikasema nne. Asubuhi nne, jioni nne. Zuhura akaandika nne, mwandiko wake ule wa duara, kurasa mbili. Siku ya kliniki akina mama wakaja na watoto mgongoni, akawachanja kama kawaida asubuhi ile kwa haraka, akiwa na glavu, foleni ikiwa ndefu. Alipofika kwenye chupa ya pili glavu ikapasuka, akaivua, akashika chupa kwa kidole kitupu. Ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Akasimamisha kazi yote. Akawaambia wale kina mama ukweli pale pale, halafu akapiga simu wilayani kujiripoti mwenyewe. Hakungoja mtu amgundue.

Hakuna mtoto aliyekufa, Mwamvua. Namshukuru Mungu kila siku kwa hilo. Lakini waliochanjwa asubuhi ile, na waliochanjwa kliniki iliyotangulia, waliitwa tena wote, kijiji kwa kijiji, wengine kwa miguu kutoka mbali. Mama mmoja alikataa kurudi. Alisema, "Mara ya kwanza mlituambia ni dawa." Sijui mtoto wake yuko wapi sasa.

Nimesimama tena. Mama yako amenichungulia akauliza, "Unaandika nini muda wote huo?" Nikamwambia barua ya Mwamvua. Akasema, "Mwandikie asisahau shuka." Usisahau shuka.

Wakaja wakaguzi watatu, nami nikaitwa. Nilifika kabla yao. Nikauona waya uliotafunwa, nikauondoa, nikaweka mpya. Kioo kikaonyesha joto la kweli la chumba kile, ishirini na tisa. Nilikuwa najua. Nilijua tangu nilipouona ule waya, kabla sijashika bisibisi. Wakaingia. Zuhura alikuwa amesimama kando ya meza, daftari amelikumbatia kifuani. Mkubwa wao, mzee mpole tu, akanigeukia: "Fundi, kifaa chako kiko sawa?"

Nikasema, "Kiko sawa, mzee."

Lilitoka kabla sijafikiri, kama mtu anavyoitikia salamu. Na kwa dakika ile lilikuwa kweli, kioo kinasoma ishirini na tisa, joto ni ishirini na tisa. Mzee akamgeukia Zuhura: "Basi binti, hizi nne ulizipata wapi?"

Akasema, "Nilizisoma hapo," akaonyesha kioo kwa kidole.

Wote wakatazama kioo. Ishirini na tisa. Halafu akanitazama mimi. Alikuwa ananingoja. Nilikuwa na bisibisi mkononi, nikaanza kuifuta kwa shati, nikaifuta mpaka wakaenda kwenye ukurasa mwingine.

Wakaandika kwamba muuguzi alijaza daftari bila kuangalia. Akatolewa kwenye chumba cha chanjo, akapewa kazi ya kuandikisha wagonjwa mlangoni, na kila mama anayepita pale alikuwa anajua kwa nini yuko mlangoni. Alivumilia miezi michache akaacha. Tangu hapo anauza mchele Bukene, karibu na stesheni. Sisi huku tukawa tunasema Zuhura aliponzwa na uzembe. Mimi nilikuwa nanyamaza, lakini mezani pangu maneno yalisemwa, na kunyamaza kwangu kuliyapa muhuri.

Nakumbuka siku moja ulikuwa na miaka kumi hivi, mama yako alikugombeza kwa kufanya hesabu bila kuhakikisha, ukasema, "Mimi sitakuwa kama mama mdogo, nitaangalia kazi yangu." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Nikalila.

Wiki ile ile ya ukaguzi niliirekebisha draiva kimya kimya. Nikaitazama alama ya kosa, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kipimo kisipojibu, kioo kinaonyesha vistari vitupu na kengele inalia. Mistari minne tu. Unajua desturi ya kazi yetu, kila badiliko linaandikiwa maelezo: limebadilika nini, kwa nini, linarekebisha kosa lipi, la nani, halafu unaweka jina lako chini kwa dhamana. Mimi niliandika maneno mawili, "usafi mdogo." Nikaweka jina langu. Hata leo ukienda kutafuta utayakuta yapo, na jina ndilo hilo unalolitumia wewe baada ya lako.

Kwa hiyo jana nilipopiga meza sikuwa nakupigia wewe. Nisamehe. Ungekuwa umeandika sifuri kumi na moja kwenye mchezo wa simu ningekutania tukaendelea na chai. Lakini kile ni kipimo cha pumzi ya mgonjwa, na niliona kidole chako kikifanya kile kile kilichofanywa na changu.

Kuhusu hizo kumi na moja, kwa kuwa utakuwa nazo njiani. Kompaila ikikuonya, usiulize niweke nini ili inyamaze. Uliza njia ipi imeiona. Shika kidole, ifuate mstari kwa mstari, kuanzia kisanduku kinapozaliwa mpaka kinaposomwa, ukipita kila penye neno "ikiwa" na kila mahali kazi inapoweza kurudi kabla haijamaliza. Mara nyingi utakuta njia kama ile yangu: kazi iliyorudi mikono mitupu, na aliyeituma hakuiuliza. Hapo dawa ni kuuliza, na ukipewa kosa, lipeleke juu kwa aliyekutuma wewe, lifike kwa mtu. Usilifukie katikati.

Mara nyingine kompaila inakosea. Inaona njia ambayo wewe unajua haipitiki, kwa sababu jambo fulani haliwezi kutokea bila lingine. Basi yapange upya maneno yako mpaka nayo ione. Mara nyingi njia ambayo mashine haiioni vizuri, hata binadamu atakayekuja baada yako hataiona. Ikishindikana kabisa, weka thamani ya kuanzia, lakini andika pembeni kwa nini, kwa lugha ya watu wazima. Na ile thamani iwe ni jambo ambalo ni kweli hata kama hakuna kilichosomwa. Jumla huanza na sifuri kwa haki, kwa sababu kabla hujahesabu kweli huna kitu. Joto halianzi na sifuri. Pumzi ya mgonjwa haianzi na sifuri, na Mungu akuepushe haianzi na tisini na nane, namba ya mtu mzima wa afya.

Kuna jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Ukishajaza kisanduku ili kunyamazisha onyo, hujalinyamazisha kwa leo tu. Kesho atakuja mwenzako ataongeza njia nyingine mpya ya kupotea, na kompaila ambayo ingemwonya haitasema kitu, kwa sababu kwake kisanduku kimejaa. Umemfunga mdomo mlinzi kwa ajili ya wezi ambao hawajazaliwa. Huko uendako huenda ukakuta wamewasha kinga inayojaza sifuri yenyewe kwenye visanduku vyote vitupu. Ni kinga nzuri, inazuia siri za watu kuvuja. Lakini inafagia majivu tu, haiwashi moto. Usije ukasema kwa kuwa ipo basi maonyo hayana kazi.

Na maonyo ya kweli yanachosha. Utayaona mengi, mengine ya kipuuzi, na utakuwa umechoka, na bosi anataka kazi ijengwe jioni hiyo. Mimi sikuandika nne kwa sababu nilikuwa mtu mbaya. Niliandika kwa sababu kelele zilikuwa zimenichosha na nilitaka watu waone mimi ni fundi. Ndiyo maana nakuogopea, unafanana na mimi katika hilo.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Barua hii nilipoianza nilikuwa na mpango. Kesho treni yako itapita Bukene. Mama yako mdogo ameshasema atakuja stesheni na kifurushi cha mchele wako, atasimama chini ya dirisha dakika zile chache. Nilitaka nikupe bahasha ya pili, iliyofungwa, umpe mkononi, treni iondoke. Hata bahasha nilishaiandika jina lake. Niliona ni jambo la ushujaa, baada ya miaka yote hii.

Halafu nikaisoma tena sehemu ile niliyokuandikia wewe, ya kazi iliyorudi mikono mitupu. Nikaona kwamba nataka kufanya hivyo hivyo tena. Zuhura alinitazama mimi, akaningoja mimi, na mimi nataka jibu limfikie kupitia mkono wa mtoto, dirishani, huku gari linaondoka ili asiwe na nafasi ya kuniuliza kitu. Na wewe ubebe mzigo huo mpaka Mwanza, siku ya kwanza ya maisha yako. Nimeichana bahasha.

Ndipo niliposimama mara ya tatu. Nilimwambia mama yako naenda kununua betri za tochi, nikaenda stesheni kukata tiketi. Kwa hiyo yeye bado hajui. Atajua leo, kabla hujarudi, nitamwambia hapo jikoni mbele ya karanga zake. Zuhura ni mdogo wake wa tumbo moja, na sijui atanitazama vipi. Nimejaribu kukisia jibu lake, nimejikuta najaza lile ninalolitaka, nikaacha. Baadaye nitakwenda kwenye ofisi ile ya wilaya vilevile, nikaseme kilichokuwa kwenye waya. Huenda wakaniuliza nilikuwa wapi, na huenda hakuna aliyebaki wa kuniuliza. Lakini kwanza ni Bukene.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako, siyo ndani. Nataka uisome leo hii, ukiwa bado unaweza kuja chumbani kwangu ukasema unalotaka kusema. Kama unataka kupiga meza, piga.

Ile sentensi ya mwanzo sasa naweza kuiandika. Mimi si mzima sana. Usiku sikulala na chai ya mchana sikuinywa. Hicho ndicho kipimo cha leo, nimekisoma mwenyewe. Ukifika Mwanza nami nikakupigia simu nikuulize habari, usinijibu nzuri kwa haraka. Nenda kaangalie kwanza. Nitangoja kwenye laini.

Tiketi yako inaishia Mwanza. Yangu inaishia Bukene. Tutakaa kiti kimoja mpaka pale, nami nitashuka. Zuhura atashangaa kuniona, atacheka, atasema kama anavyosema siku zote, "Shemeji, habari za Tabora?" Wewe utakuwa dirishani unatutazama. Ukiniona nimekawia kujibu, usinisaidie.

Baba yako.